Samaki wa Familia ya Tso Aliyekataa Vyakula Saba

Saa tatu na robo asubuhi, Ngai Sau-fong anapanda kiti chekundu cha plastiki mbele ya tangi la kioo lenye urefu wa futi saba. Anasogeza kifuniko kizito, upana wa kiganja tu, na kudondosha kamba mmoja aliyemenywa.

Kamba anazama taratibu. Samaki anamtazama kamba. Kisha anamtazama Sau-fong. Kisha anageuka na kumpa mkia.

“Umeiona dharau hiyo?” anasema Sau-fong akishuka. “Marehemu mume wangu aliwahi kunigeuzia mgongo mezani hivyohivyo. Lakini yeye alikuwa na sababu. Nilikuwa nimeunguza wali.”

Leo ni siku ya kumi na sita tangu samaki huyu aanze kukataa chakula chake. Ni samaki-joka, mwekundu kama mlango wa hekalu, mrefu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi kwenye vidole. Ana miaka kumi na minne. Alinunuliwa na marehemu mzee Tso mwaka ule alipofungua mkahawa huu wa bata bukini wa kuchoma, hapa mtaa wa Sham Shui Po, Kowloon, na tangu hapo anakaa akitazama mlango. Wateja humsalimia yeye kwanza, ndipo wamsalimie mtu wa malipo. Jikoni wanamwita Mzee.

Bosi Tso Hon-ming, mtoto wa marehemu, anakuja na kitambaa begani.

“Dada Fong, amekula?”

“Bado, bosi.”

“Tarehe kumi na tano ni karamu ya kumkumbuka baba. Ukoo wote unakuja. Wakikuta Mzee anaelea juujuu, mimi nitajificha wapi?”

“Nipe mpaka siku hiyo.”

“Na siku hiyo akiwa bado hali?”

“Basi mlete yule mganga wa samaki wa Yuen Long na sindano zake, mimi nikabebe ndoo yangu.”

Ndoo hiyo si ya mzaha. Sau-fong, mwenye miaka sitini na mmoja, hutunza matangi ishirini na matatu katika mikahawa, zahanati na maduka ya dhahabu upande huu wa Kowloon. Kwa mwezi hupata kama dola elfu kumi na tatu za hapa, na karibu nusu yake humezwa na chumba ambacho, kwa maneno yake, “ukitaka kugeuka kitandani ni lazima umwombe jirani ruhusa.” Matangi matano kati ya hayo ni ya shemeji na binamu za Bosi Tso. Samaki akifa, yote matano yatamfuata kaburini.

Na kama kuna mtu katika mji huu ambaye samaki hapaswi kumgomea, ni yeye. Kule Mtaa wa Tung Choi, ambako mifuko ya samaki hutundikwa ukutani kama embe sokoni, wauzaji humwita Mama wa Vyakula Saba.

“Ukimwona anakuja, ficha friza yako,” anasema muuzaji mmoja wa minyoo, akicheka. “Atanunua kidogo cha kila kitu, halafu atakuuliza kamba wako alikula nini kabla hajafa.”

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Ujanani alishona mifuko ya suruali katika kiwanda cha Kwun Tong. Kiwanda kikahamia ng’ambo ya mpaka, mashine zikaenda, washonaji wakabaki. Akapata kazi ya kufagia duka la samaki, na baada ya mwaka akakabidhiwa kulisha.

“Nikaambiwa wale samaki bapa, wa mviringo kama sahani, wanapenda moyo wa ng’ombe uliosagwa. Kweli wanapenda. Wanakuja mkononi kama kuku. Mimi nikafurahi, nikawapa moyo asubuhi, moyo mchana, moyo jioni. Miezi mitano.”

Samaki wakanenepa, wakapendeza, wakapigwa picha. Kisha wakaanza kufa, mmoja leo, watatu kesho. Walikufa arobaini na mmoja. Mwenye duka aliwapasua wawili mbele yake, akamwonyesha mafuta yaliyofunika matumbo, halafu akamwonyesha mlango.

“Hakunitukana,” anasema. “Angenitukana ningesahau.”

Basi akatoka pale na dini mpya. Tangu hapo hakuna samaki wake aliyekula kitu kimoja siku mbili mfululizo. Mzee alipangiwa juma zima: Jumatatu punje za dukani, Jumanne kamba, Jumatano nyenje, Alhamisi mnofu wa samaki, Ijumaa funza wa unga, Jumamosi chura mdogo, Jumapili kome. Aliyeungua na uji hupuliza hata maji ya kunywa, na Sau-fong amepuliza kwa miaka ishirini na miwili.

Cha ajabu, yeye mwenyewe mchana hula tambi za mchuzi zenye yai na vipande vya nyama ya kopo. Kila siku. Mhudumu wa kibanda anakokula hamuulizi tena, humwekea bakuli tu.

“Mimi sina mtu wa kunipangia,” anajitetea.

Asubuhi hii hakimbilii ndoo nyingine. Anaingiza mpira wa kunyonyea uchafu chini ya tangi, ananyonya, anamwaga kwenye sahani nyeupe ya mkahawa, na kuinama juu yake kama mtu anayesoma barua. Mpishi mkuu, Fundi Biu, anapita na bata wawili mkononi.

“Dada Fong, hiyo ni sahani ya wateja.”

“Nitaiosha. Hebu njoo uone.”

“Nione mavi ya samaki saa tatu asubuhi?”

“Ndiyo hilo, Fundi. Mtu ambaye hajala siku kumi na sita, hii ameitoa wapi?”

Fundi Biu anaitazama sahani, anawatazama bata wake, na anakumbuka ghafla kwamba oveni inamwita.

Sau-fong anachokonoa kwa kijiti cha kula. Kuna kipande cha ngozi yenye mafuta. Kuna magamba madogo ya rangi ya chungwa. Kuna kitu cheupe, chepesi, kama karatasi iliyolowa. Yeye hajawahi kumpa Mzee kitu chenye ngozi ya mafuta, wala chenye magamba ya chungwa. Anatikisa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi anaonekana kuifurahia kazi yake.

Alasiri saa tisa, wateja wa mchana wakiwa wametoka na wa jioni bado, anajibanza kwenye meza ya pembeni nyuma ya rundo la masanduku ya chai, na kikombe chake cha chai ya maziwa.

Hangoji sana. Wa kwanza ni Fundi Biu. Anatoka jikoni akijifuta mikono, anatazama kushoto, anatazama kulia, anasogeza kifuniko na kudondosha kipande cha bata. Maji yanalipuka. Kipande hakifiki hata chini.

Dakika ishirini baadaye anashuka Bibi Tso, mama wa bosi, mwenye miaka themanini na mitatu, na mfuko wa plastiki ndani ya kikapu cha mboga. Mfukoni mna samaki wawili wa dhahabu, wa kidole kimoja kila mmoja. Anawamimina akinong’ona jambo. Wote wawili wanamezwa.

Wa tatu, simu sikioni, ni bosi mwenyewe. Huku akigombana na mtu kuhusu bei ya mkaa, anachomoa kamba kutoka kwenye andazi la mvuke, unga wake mweupe ukining’inia, na kumtupia samaki wa baba yake.

Sau-fong anasimama.

“Bosi, amekula?”

Bosi Tso anakata simu bila kuaga. Bibi Tso anageukia ukuta kana kwamba kuna picha mpya. Fundi Biu anachungulia kutoka jikoni na kurudi ndani.

“Fundi, toka. Nimekuona wewe kwanza.”

Kilichofuata, kama wote wanne wanavyokisimulia, hakikuwa ugomvi. Kilikuwa kizunguzungu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Bosi alidhani kamba wake mmoja wa siku ndiye anayeshikilia roho ya Mzee. Bibi alidhani vivyo hivyo kuhusu samaki wake wa dhahabu. Fundi Biu alikuwa akimpa bata mara mbili kwa siku.

“Sasa mbona hamkuniambia?” Sau-fong aliuliza.

Ni Fundi Biu aliyejibu, akiangalia viatu vyake.

“Tungekwambiaje, Dada Fong? Samaki anakataa chakula cha mtaalamu anakula cha kwangu? Tungekuaibisha.”

Kwa hiyo, kwa kumhifadhia heshima yake, walikaribia kummalizia samaki, matangi matano na kazi.

Lakini Sau-fong hakuwaachia wao lawama yote. Jioni ile alitandika ratiba yake ya juma mezani na kuitazama upya. Mgomo ulianza Jumatatu, siku ya punje. Wengine walipoona hagusi chakula, ndipo wakaanza huruma.

“Mimi ndiye niliyemfundisha,” anasema. “Akikataa Jumatatu, Jumanne anapata kamba. Akikataa kamba, kesho nyenje. Nimemlea kama mtoto wa tajiri. Mbona asingoje? Chakula kimoja kiliua wale arobaini na mmoja, mimi nikadhani saba ndiyo dawa. Sikujiuliza hata siku moja, mbona saba? Mbona si vitatu?”

Dawa ilikuwa moja, nayo ni kumwacha na njaa. Samaki mkubwa kama huyu hapati shida kukaa wiki mbili bila kula. Shida ilikuwa binadamu. Katika mji ambao salamu ya kwanza ni kuuliza kama umekula, nani atakaa mbele ya njaa na kuitazama tu?

“Mteja akiona samaki wa nyumba ana njaa,” alilalama bosi, “yeye atamezaje?”

Sau-fong alimgeukia Bibi Tso, ambaye tarehe mosi na kumi na tano za kila mwezi wa kalenda ya kale hagusi nyama.

“Bibi, siku yako ya kujizuia, mtu akikuletea bata, utasemaje?”

“Nitamwambia ananiharibia.”

“Basi kesho ni tarehe mosi. Mzee naye anajizuia, mpaka siku ya karamu ya mumeo.”

Bibi alimnyooshea samaki kidole.

“Amesema mwenyewe?”

“Mimi ni msemaji wake.”

“Mimi nikijizuia nakula tofu. Yeye atakula nini?”

“Ana mafuta ya Fundi Biu tumboni. Yanamtosha.”

Asubuhi iliyofuata Bibi Tso aliteremka na kiti chake cha mianzi, akakiweka mbele ya tangi, na hakukiondoa siku kumi na nne. Mteja aliyenyanyua mkono wenye kipande cha nyama alipigwa kofi la kiganjani. Bosi alipigwa mara mbili. Fundi Biu anadai alipigwa kwa makosa.

Tarehe kumi na tano. Saa tatu na robo asubuhi, kabla ukoo haujafika. Samaki amepungua kidogo tumbo, na amekuwa akizunguka juu ya maji tangu taa ziwashwe. Sau-fong anapanda kiti chekundu, anabadili mawazo, anashuka.

“Bibi, weka wewe.”

Anamtia kiganjani punje tatu za kahawia. Bibi Tso anazinusa na kukunja uso.

“Kikavu namna hii? Marehemu angelia.”

“Huo ndio wali wake, Bibi. Kamba na nyenje watakuwa mboga, mara moja moja, na hatajua siku yake. Wewe umebadilisha wali lini?”

Bibi anadondosha punje moja. Inaelea. Samaki anapita chini yake, anageuka, anapita tena. Fundi Biu ameacha kukata. Bosi ameshika kitambaa kwa mikono miwili.

Mdomo unafunguka kama droo, na punje haipo. Ya pili haipo. Ya tatu Bibi anaishikilia kidogo, kwa kumtania, na Mzee anaruka nusu mwili nje ya maji na kumlowesha mpaka kifuani.

“Hana adabu,” anasema Bibi Tso, na hafuti uso.

Sau-fong tayari ana karatasi nyekundu mfukoni. Anaibandika ubavuni mwa tangi: vyakula vitatu, na chini yake jina la mlishaji mmoja tu, la Bibi. Mpango wake ni kubandika karatasi kama hiyo kwenye matangi yote ishirini na matatu kabla ya mwaka mpya, na akiingia kila nyumba aanze na swali ambalo kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuuliza.

“Nilikuwa nauliza, anakula nini? Sasa nitauliza, nani mwingine anamlisha?”

Anaokota ndoo yake. Tangi la zahanati linamngoja, na baada yake bakuli la tambi.

“Binti,” anaita Bibi Tso kutoka kwenye kiti cha mianzi, “umekula?”

“Nitakula mchana, Bibi.”

“Tambi?”

Sau-fong anahamishia ndoo mkono wa pili.

“Fundi Biu,” anasema Bibi, “mletee tofu, uyoga, na yale majani mabichi. Na asiulizwe kama anataka.”

Ndoo inarudi chini.