Mwavuli wa Avril

Clifford Barraclough aliwahi kumwomba radhi mbwa aliyemng'ata. Nilikuwepo. Tulikuwa tunatoka sokoni na mifuko yetu, mbwa wa mwenye duka la magazeti akamvamia kifundo cha mguu, na Clifford, damu ikimchuruzika kwenye soksi, akamwambia, "Samahani, mzee mwenzangu, nilikukalia njiani." Nimekaa Keighley, huku kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa kumi na tisa sasa, nyumba ya pili kutoka kwake, na watu wapole nimewaona wengi. Upole wa Clifford ulikuwa ugonjwa. Nasema hivyo kwa sababu nampenda, na kwa sababu hasira haijanitoka.

Alikuwa fundi wa mabasi kwenye karakana ya hapa mjini miaka thelathini na minane. Basi lilipopanda mlima yeye akiwa jikoni kwake, angekuambia gia ipi inasaga. Pesa hakuzijua. Mshahara aliuleta Ijumaa, akauweka mezani, mkewe akauchukua, wakala samaki na chipsi, mambo yakaishia hapo.

Mkewe, Avril, ndiye aliyekuwa na kichwa. Alikaa kaunta ya chama cha akiba na mikopo ya nyumba tangu usichana mpaka kustaafu, na hakuna fomu iliyompita asiijue kwa moyo. Kila mwaka Machi ilipokaribia kwisha, alimkalisha Clifford mezani, akamnyooshea kidole pa kutia sahihi. Huku kila mtu ana ruhusa ya kuweka kiasi fulani kwa mwaka mahali ambapo mtoza kodi hafiki, iwe kwenye hisa au kwenye akiba ya benki. Mwaka huo unafungwa tarehe tano Aprili. Usipoweka kabla ya hapo, nafasi yako ya mwaka imekwenda. Avril hakupoteza hata moja. Palipokuwa na elfu aliweka elfu, palipokuwa na mia aliweka mia. Wenzao walikwenda Hispania kuota jua; wao walikwenda Morecambe, pwani ya hapa hapa, na mikate yao ya kutoka nyumbani. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Akaunti ile, ambayo pesa zake alizitia kwenye hisa, aliiita mwavuli. Alinieleza siku moja tukinywa chai, nami sikumwomba.

"Zikishaingia chini ya mwavuli, Zuhura, mvua haizipati. Ukichoka na hisa unazipeleka kwenye akiba, ukichoka na akiba unazirudisha, ni wewe tu. Lakini zisipite mkononi mwako. Wale unaowahamia ndio waziombe kwa wale unaowahama. Wewe jaza fomu, kaa chini, kunywa chai yako."

"Na nikizipitisha mkononi?"

"Basi umezitoa mvuani, mama. Hazirudi." Akamgeukia mumewe. "Umesikia, Cliff?"

"Nimesikia, bibi karani," Clifford akasema, macho yakiwa kwenye fumbo la maneno la gazeti.

Avril alipotimiza miaka sabini na miwili alianza kusahau. Kwanza majina, kisha jiko kuwaka, kisha njia ya kurudi kutoka duka lililo mwisho wa mtaa. Clifford alimtunza nyumbani miaka mitatu bila kumwambia mtu, asije akasumbua watu. Mimi ninafanya kazi ya ulezi katika nyumba ya wazee ya Thornlea, kila siku nawafunga watu kama Avril vifungo vya sweta, na jirani yangu alikuwa akifanya hayo hayo ukuta wa pili bila hata kubisha hodi. Niligundua siku nilipomwona Avril uani na gauni la kulalia kwenye theluji. Nilimfokea Clifford siku hiyo mpaka nikaona haya. Mwezi uliofuata Avril akaingia Thornlea.

Halmashauri ililipia chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linatazama ukuta na mapipa ya taka. Chumba cha mbele kina nyongeza ya kila wiki, na nyongeza hiyo hailipwi na halmashauri, inalipwa na mwenye mtu wake. Clifford akachukua cha mbele. Aliilipa kwa gawio la zile hisa, matunda ya kila mwaka, mti wenyewe haukuguswa. Ilitosha kabisa, na ikabaki ya maua.

Kwa nini cha mbele? Kwa sababu dirisha la mbele linatazama kituo cha basi. Clifford alikuja kila siku na basi la saa nne. Avril aliketi pale dirishani, akamwona anashuka, ananyoosha kofia yake, anaangalia kulia na kushoto mara mbili mbili kama aliyefundishwa jana, anavuka. Umbali ule wote Avril alikuwa anakusanya kumbukumbu zake. Clifford alipofika mlangoni, alikuwa tayari mume. "Huyo Cliff wangu," alikuwa akituambia. "Anatembea kama bata." Kuna wiki moja waliziba dirisha lile kwa ajili ya kupaka rangi, na Clifford alipoingia chumbani Avril alipiga ukelele, akaniita nimtoe huyo mwanaume. Clifford alikaa kwenye korido na maua yake mpaka basi la kurudi.

Kwa hiyo dirisha lile lilikuwa ndoa yao. Sijui kulisema vingine.

Mwaka jana, majira ya kuchipua, soko la hisa likaporomoka. Redio ikawa inasema kila saa. Clifford alinikuta uani naanika nguo, kashika barua mkononi.

"Zuhura kipenzi, sitaki kukusumbua."

"Nisumbue, Clifford. Nitafurahi."

"Zimepungua pauni elfu tisa. Kwa wiki mbili. Avril angefanya nini?"

Nilipaswa kumwambia asubiri. Au kumwambia twende tukamtafute anayejua. Lakini nilikuwa na shuka mdomoni na zamu baada ya saa moja, nikamwambia, "Mimi ningezitoa leo leo nikaziweka benki." Nilisema hivyo. Naandika hapa kwa sababu naona nimemlaumu sana yeye.

Akaingia ndani, akapiga simu. Alisubiri dakika arobaini akisikiliza muziki. Msichana aliyepokea akamwambia vizuri tu, kama kazi yake inavyotaka, kwamba kuhamisha kwenda akiba isiyotozwa kodi ni fomu kutoka kule anakohamia, na huweza kuchukua hata mwezi. Mwezi! Clifford aliona mwezi mzima wa redio ile. Akauliza kama kuna njia ya haraka. Ipo, msichana akasema, tunauza hisa, pesa zinaingia kwenye akaunti yako ya benki baada ya siku chache, lakini, bwana, ujue kwamba... Na hapo Clifford akamkatiza, yeye ambaye hajawahi kumkatiza mtu maishani. "Nisikuchukulie muda wako, kipenzi. Una watu wengi wanasubiri. Fanya hivyo."

Siku chache baadaye alivaa tai, akaenda kwenye kaunta ya Avril, ile ile aliyokaa. Sasa anakaa binti anaitwa Tahira, ambaye Avril mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Nyuma ya Clifford palikuwa na watu watatu kwenye foleni. Aliniambia hilo la watu watatu kila alipolisimulia jambo hili.

"Unahamisha kutoka akaunti nyingine isiyo na kodi, Bwana Barraclough? Nikupe fomu?"

"Hapana, mwanangu, usihangaike na mafomu. Nimezileta mwenyewe."

"Una hakika?"

"Kabisa. Wenzangu wanasubiri."

Tahira akaandika, akafika mahali akasimama. "Elfu ishirini naziweka kwenye isiyo na kodi. Ndiyo mwisho kwa mwaka. Hizi sitini na moja nyingine nitaziweka kwenye akiba ya kawaida, sawa?"

"Lakini zote ni zile zile. Za mwavuli. Miaka ishirini na minne."

Binti akamtazama. Akamwambia asubiri kidogo, akapiga simu kule zilikotoka, akauliza kama akaunti yao inaruhusu kurudisha. Nyingine zinaruhusu. Yake haikuruhusu. Akaweka simu chini taratibu.

"Zilipoingia mkononi mwako, Bwana Barraclough, zilihesabika pesa mpya. Nimekosa namna. Bi. Avril alitufundisha hili siku ya kwanza kabisa."

"Ndiyo," Clifford akasema. "Najua." Kisha akaigeukia foleni, watu watatu na mwavuli wa mvua wa kweli unaodondosha maji sakafuni, akawaambia, "Samahanini kwa usumbufu."

Kufikia Agosti hisa zilikuwa zimerudi pale pale zilipokuwa, na kupita. Maji yakimwagika hayazoleki. Riba ya akiba nayo ikaanza kushuka, na mtoza kodi akaanza kumega kipande chake kwenye ile sehemu iliyolowa. Oktoba Thornlea wakapandisha nyongeza ya vyumba vya mbele, kama wapandishavyo kila Oktoba. Matunda hayakutosha tena dirisha.

Hapo ndipo nilipogombana naye. Nilimkuta jikoni kavaa koti na kofia, amezima hita za nyumba, kwenye sahani ana mkate na maharage, na tanuri limefunguliwa mlango ili litoe kiuvuguvugu kilichobaki ndani. Mbele yake alikuwa na bahasha aliyoiandikia hesabu kwa penseli.

"Clifford, una elfu themanini benki! Chota! Chota kidogo tu kila wiki umalizie. Utakufa hujazimaliza."

"Bandu bandu, Zuhura," akasema. Msemo huo nilimfundisha mimi mwenyewe, na sasa akautumia kunichoma. "Huisha gogo. Si ndivyo mnavyosema?"

"Gogo la nini? Hizo ni za Avril, na Avril yuko hai, anazihitaji sasa!"

"Akiishi miaka ishirini? Mama yake alifika tisini na saba. Na nikianza mimi kufa, nani atamzika yeye?" Akaikunja bahasha mara mbili, kisha mara nne. "Zilikaa robo karne hakuna aliyezigusa. Nikazigusa mimi mara moja. Sizigusi tena."

"Huo ni ujinga."

"Huenda. Naomba radhi, kipenzi, najua unaniambia kwa wema."

Nilitaka kumpiga na sahani ile ya maharage. Mtu aliyekosea mara moja kwa haraka sasa alikuwa anakosea mara ya pili polepole, kwa kujiadhibu, na atakayeadhibiwa ni mwanamke wa dirishani. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Alilia bila sauti. Lakini hakubadili. Kesho yake alikwenda kwa meneja wetu, akavua kofia, akaomba mkewe ahamishiwe nyuma "ikiwa haitawapa kazi." Meneja akamwambia hakuna haraka, wanaweza kuzungumza. Akajibu kwamba hataki kuwachelewesha, huenda kuna mwingine anangojea chumba.

Tulimhamisha Avril Jumatatu. Nilimbebea mto wake na picha ya Morecambe mimi mwenyewe. Nilimweka kwenye kiti chake, nikakigeuza huku na huku, na kila nilipokigeuza kulikuwa na ukuta. Saa nne ikafika. Avril akaanza kuangaza macho. Basi nililisikia mimi, linapiga honi yake ya kusimama. Yeye alilitafuta ukutani.

Clifford akaingia na maua. Alikuwa amenyoosha kofia yake, nadhani kwa mazoea tu.

Avril hakupiga ukelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukelele. Alimtazama juu mpaka chini, akaketi wima, mikono akaikunja mbele yake kama alivyoikunja miaka yote nyuma ya kaunta, akamkaribisha kwa sauti ambayo sijaisikia tangu aingie Thornlea.

"Karibu, bwana. Ukae. Nikusaidie nini?"

Clifford aliketi. Maua akayaweka magotini. "Nimekuja tu kukutazama."

"Hapana, umekuja kwa fomu, naona." Akainama kumkaribia. "Mume wangu yuko njiani anakuja. Mtu mwema, lakini pesa hajui. Ukimkuta huko nje nifanyie hisani, umwambie asizitoe kwa mkono wake. Asubiri. Wao wataziomba."

"Nitamwambia," Clifford akasema.

"Utamjua tu. Anatembea kama bata." Akatabasamu, kisha akatazama mlango uliokuwa wazi nyuma yake, akatazama tena, na uso wake ukaanza kuingia wasiwasi. "Amechelewa leo. Si kawaida yake." Akampigapiga Clifford mkononi. "Samahani, bwana. Nakusumbua."