Ukuta Ulioamkiwa

Mtaani wanamwita Madoa, maana hana shati lisilo na rangi. Mimi ndiye mkewe, mashati hayo nayafua mimi, kwa hiyo nina haki zote za kumsimulia.

Alianza na vinyozi. Kila kibanda cha kunyolea mtaani kwetu kilikuwa na kichwa alichokichora yeye mlangoni, na masikio yote ni yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekubali kukaa kimya achore. Yakaja maduka, zikaja kuta za shule, na mwaka huu, jamani, jengo la ghorofa nne!

Mwenye jengo alitaka achorwe yeye, na tai yake. Madoa akakataa katakata: atamchora mama anayefagia barabara ile.

"Mfagiaji? Nani atamjua?" bwana akacheka. "Haya, chora. Jukwaa lako la kupandia likishushwa, wapita njia wasipomtambua, nampaka chokaa."

Kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, ipakwe chokaa!

Sasa, ukiwa juu kwenye jukwaa huoni sura, unaona mabaka tu. Basi mimi nilisimama ng'ambo ya barabara nikipayuka: "Jicho la kushoto limepanda! Teremsha! We mwanaume, mbona umemnunisha?" Naye anafuta, anarudia, habishi. Nyumbani hajawahi kunisikiliza hivyo hata siku moja.

Jukwaa likashushwa. Mwenye jengo kasimama, kakunja mikono. Watu wanatazama, wanapita zao. Madoa anasugua brashi iliyokwisha kutakata. Nikataka kumnong'oneza mpita njia mmoja jibu, mume wangu akanikata jicho.

Ndipo akatokea muuza mboga na beseni lake kichwani. Akasimama ghafla, akainua macho, na bila hata kufikiri akasema, "Shikamoo, mama!"

Anauamkia ukuta! Nilipiga kigelegele mpaka nikakohoa. Mume wangu huyo, nyie! Nilitamani kumbeba mgongoni nizunguke naye mji mzima.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikaitikia nyuma yetu. Tukageuka. Mfagiaji mwenyewe, fagio mkononi, machozi yanamtoka. "Miaka yote nafagia hapa, leo ndiyo naamkiwa."

Mwenye jengo akakunjua mikono. Akamsogelea mfagiaji.

"Shikamoo, mama," akasema.