Bati la Kuzibia Jiko

Nakumbuka adhuhuri moja pale Changamwe, nimeolewa juzijuzi, napika uani kwa mama mkwe. Jiko letu lilikuwa debe lililoshindiliwa unga wa mbao, lina tundu katikati na mdomo chini wa kuingizia hewa. Mama mkwe alikuwa amenipa kipande cha bati. Ukiziba mdomo moto unalegea, ukifungua unapanda.

Siku hiyo wanawake wa kanisani walikuwa wanakuja, nami nilitaka wakute wali umeiva, wanisifu. Bati nikaliona lanichelewesha. Nikalitupa nyuma ya ua, nikaupanua mdomo wa jiko kwa panga. Moto ukaruka! Nikatafuta cha kuzibia, sina. Nikaivuta sufuria kwa pupa, ikapinduka, maji yakamchoma mkono Sidi, wifi yangu mdogo, mtoto bado.

"Bati li wapi?" mama mkwe akauliza.

"Sidi kalichukua kuchezea."

Akanitazama mpaka nikainama. "Umemchoma, na uongo wako umbebeshe yeye?"

Mwanangu Kadzo, leo mimi ni nyanya yako, na Sidi ana wajukuu. Akija bado huniambia, "Shikamoo, wifi," nami hutazama sakafu, maana mkono anaonipa ndio wenye kovu.

Naandika haya kwa sababu ya roketi yenu ya chuoni. Umenieleza jikoni, na kwa shule yangu ndogo nimeelewa. Aina ya kwanza, fueli imechanganywa na hewa yake ikagandishwa pamoja. Vyombo vichache, msukumo mkubwa, lakini ukishaiwasha haimsikii mtu mpaka iishe. Ya pili fueli yake ni mpira mtupu, hewa iko kando kwenye mtungi wenye koki. Fueli yake kwa uzani uleule hufanya kazi zaidi, ila mpira huungua polepole, msukumo ni mdogo, na mtungi ni mzigo. Lakini funga koki, moto unakufa.

Wenzako wamekucheka kwa kuitaka hiyo ya pili: "Kadzo, hiyo koki ni ya nyanyako! Itoe tupae!" Nawe umeanza kulegea, na watoto wa mtaa wa Bofu mmeshawaalika kutazama.

Sikukatazi ile ya kwanza. Ukiichagua, amua yote kabla ya kuwasha, na watoto wakae mbali kabisa. Lakini usiitupe koki kwa kutaka sifa. Na likiharibika jambo, sema "ni mimi" kabla hujaulizwa. Mimi sijamwambia Sidi hadi leo kwamba bati nililitupa mimi, nikamsingizia yeye. Jumapili namwendea nimwambie, utanisindikiza.

Mungu aipandishe roketi yako, mwanangu, na kila mtoto arudi kwao na mikono yake mizima.