Neno la Kuulizia Ng'ombe

Sapit anaishi chumba kimoja Kilosa mjini, na mtu wa kuongea naye hana. Majirani humsalimia vizuri tu, lakini nani atakaa kusikiliza habari za lugha ya kuulizia kanzidata, yaani ghala la taarifa kwenye kompyuta? Vitalis, anayeshirikiana naye kazi hiyo, yuko Mikumi, na simu zake ni za maagizo, si za stori.

Kazi yenyewe ni hii: chama cha wafugaji upande wa Rudewa kinataka mifugo iingizwe kwenye kompyuta, na mfugaji aweze kuiulizia kwa Kiswahili. Kwa hiyo lugha ilihitaji maneno ya kuzaliwa nayo, yale ambayo ukiyaandika tu kompyuta inajua la kufanya. Vitalis akaweka kanuni: kila neno liwe amri, tena fupi. TAFUTA. PANGA. HESABU. Sapit akaona sawa. Wa kwanza kuonyeshwa angekuwa baba yake, Mzee Kisioki, ambaye tangu mwanawe aache kuchunga hajawahi kumuuliza kazi yake inaendaje. Sapit alitaka jambo moja tu: baba aikubali kazi hiyo.

Mzee akaja. Sapit akainamisha kichwa kwa salamu ya kwao, akaguswa utosini, akamwekea kiti na chai. Kisha kwa mbwembwe zote akaandika: HESABU ng'ombe wa Kisioki.

"Umeandika nini?" mzee akauliza, maana kusoma hajui.

Sapit akamsomea. Mzee akanyanyuka.

"Nani kakutuma kuhesabu ng'ombe wangu? Unataka wafe?"

Akachukua fimbo yake akaenda zake stendi, chai haijapoa.

Na Sapit alijua! Mtoto gani wa mfugaji asiyejua kwamba kwao ng'ombe hawahesabiwi, wala watoto? Wanasema mwacha asili ni mtumwa. Huyu hata hakujua ameiacha lini. Miaka ya bweni na chuo ilimla kidogo kidogo, mwenyewe akijiona mzima. Hasira ya mzee angeivumilia. Kilichomuuma ni kugundua kwamba amekuwa mgeni kwao. Akafunga mlango mchana kweupe, akalia.

Alipotulia akajaribu kukumbuka baba yake hufanyaje ng'ombe wanaporudi malishoni. Husimama langoni pa boma akiwatazama wanavyopita, hataji idadi. Akimkosa mmoja humtaja kwa rangi yake, vijana wakamtafute. Sapit akafuta HESABU, akaandika NANI_HAYUPO. Halafu NANI_KAZAA, na NANI_ANAUMWA.

Vitalis akafoka simuni. "Kanuni ni amri, bwana! Hizi hadithi umezitoa wapi?"

"Basi kanuni ibadilike. Yote yawe maswali."

Walibishana mpaka Vitalis akachoka, akakubali kwa kununa.

Jioni Sapit akampigia baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akamweleza kwamba lile neno baya ameliondoa. Sasa mtu atauliza kama mzee mwenyewe anavyouliza pale langoni: nani hayupo?

Kengele za ng'ombe zilisikika zikipita karibu na mzee, na kijana mmoja akipiga mluzi.

"Hilo ni jema," mzee akasema. Sapit akashusha pumzi, lakini mzee alikuwa hajamaliza. "Ila mimi sina haja ya kuuliza kompyuta. Ng'ombe wameingia wote. Asiyekuwepo ni wewe."