Visanduku Vitatu Katika Beseni Moja

Aibu hii ningependa nife nayo kimya kimya, lakini kwa kuwa huku Nchelenge hata watoto wanaopita kwenda shule wanaijua, na wengine wameiongezea mambo ambayo hayakuwepo (si kweli kwamba nililia), nimeona afadhali niiandike mwenyewe, polepole, kama ilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa haya, na si haya ya kawaida. Kanisani nafungua mdomo lakini wimbo hautoki, dukani nikikuta watu natoka nje nasubiri mpaka waondoke, na simu ndiyo adui yangu mkubwa, maana mtu wa kwenye simu humuoni uso, utajuaje kama amekasirika? Kwa hiyo watu wa mradi wa mafuriko walipotafuta kijana wa kulinda vifaa vyao pwani ya ziwa, Tantine Odette, mdogo wake marehemu mama, aliyenilea tangu tuvuke ziwa kutoka Congo, alinisukuma mbele na kusema, "Ilunga, hii njo kazi yako. Kisanduku haiulizake mutu kitu."

Visanduku vyenyewe vilikuwa vitatu. Kila kimoja kilikuwa kama kipande cha mche wa sabuni, chenye antena nyembamba kama mkia wa panya, kimefungwa juu ya mti mfupi: kimoja pale mitumbwi inapofikia, kimoja mdomoni mwa kijito, kimoja nyuma ya soko la samaki. Madame Bwalya, fundi wa mradi, alinieleza vizuri mpaka nikaelewa. Muda mwingi vinalala ili betri isiishe. Kikiamka kinapima kama kimeguswa na maji, halafu kinamnong'oneza jirani yake bila waya wowote, kwa sababu sauti yake ni ndogo haifiki mbali, jirani naye anampa jirani, hivyo hivyo mpaka habari inafika kwenye mashine kubwa juu ya paa la kanisa kule mlimani, penye king'ora. Kimoja kikisema peke yake kwamba kuna maji, hakiaminiwi, labda mtoto amekimwagia ndoo (au mbwa ameinua mguu). Lakini vyote vitatu vikisema neno moja, king'ora kinalia vipande vipande, maana yake jitayarisheni. Na kama baada ya hapo vyote vinanyamaza kabisa, mashine inajua kwamba ziwa limeshavibeba, basi inalia mlio mrefu usiokatika: pandeni mlimani sasa hivi.

"Ukitaka kuvitoa mahali pake, nipigie kwanza nivizime," alisema Madame Bwalya. "Usione haya."

Sasa, kuna bashi Mutale. Huku baba anaitwa kwa jina la mtoto wake, na Mutale ni binti yake, na Mutale ndiye (hapa kalamu inakuwa nzito) ndiye niliyemwambia Tantine habari zake. Tantine akapeleka neno. Bashi Mutale, mwenye mitumbwi na nyavu na sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa, akajibu, "Ule kijana hasemake hata kidogo. Na ile kazi yake njo kazi gani? Jumamosi nitakuya kuiangalia na macho yangu." Yaani posa yangu yote ilikaa juu ya vile visanduku.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuvitazama. Vilikuwa na matope, magamba ya samaki, na juu yake ndege walikuwa wamefanya yao msimu mzima. Kwetu mgeni akija hata mawe ya mlangoni yanasuguliwa, sasa mkwe anakuja kuona kazi yako, utamwonyesha kinyesi cha ndege? Nikatoa simu nimpigie Madame Bwalya. Ikaita kidogo, nikakata. Nikajizoeza kwanza: "Halo Madame, ni mimi Ilunga." Nikapiga tena. Akapokea, akasema, "Halo?" Nikakata. Nikajiambia, aa, naviosha tu, tena haraka, vitakauka na kurudi kabla mtu hajajua.

Nikavifungua vyote kutoka mitini, nikavileta nyumbani, nikachukua beseni la maji na sabuni ya unga ya Tantine, na kwa kuwa sikutaka kuharibu sabuni nikavitumbukiza vyote kwa pamoja. Visanduku vimewekwa mbali mbali makusudi, ili kimoja kikidanganywa vingine viseme ukweli, na mimi mlinzi wao nikaviweka vyote katika beseni moja! Nilikuwa nasugua kwa brashi ya viatu, taa ndogo nyekundu zikawaka ndani ya povu, nikafurahi, nikadhani vinashukuru.

King'ora kikalia.

Nataka mjue kwamba hata mimi nilikimbia. Nilitoka nje na povu mpaka viwikoni kutazama ziwa, na ziwa lilikuwa limelala kama uji uliopoa, wanawake wanakimbia kuzoa chisense, yaani dagaa, waliyoianika mchangani, na bata wanaogelea bila wasiwasi wowote. Nikatazama bata. Nikatazama mikono yangu. Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo hapo nikamwona bashi Mutale anakata kona kuja kwetu, na Mutale nyuma yake amebeba samaki wa kutuletea.

Jikoni kulikuwa na sufuria mbili kubwa zinazofanana, nene, zenye vifuniko vizito: moja ya kuku wa mkwe, nyingine tupu. Nikamimina beseni lote, visanduku, maji na povu, ndani ya ile tupu, nikafunika, nikakaa kando yake kama mtu anayeota moto. King'ora kikanyamaza. Nikamshukuru Mungu, bila kujua kwamba mnong'ono wa visanduku haupiti kwenye sufuria iliyofunikwa, na kwamba kule juu ya paa mashine ilikuwa inaviita na havijibu.

Bashi Mutale akaketi. "Kanshi, kumbe ile king'ora yako inaliaka bure?" Nikacheka kidogo. "Na visanduku viko wapi?" Nikaelekeza kidevu upande wa ziwa. Tantine akaniokoa, akimwita batata, yaani baba, kwa heshima: "Viko ku kazi, batata. Mbele tukule."

Hapo mlio mrefu ukaanza.

"Ya pili!" akapiga kelele bashi Mutale, akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Awe, mwe! Tupande!" Tantine akashika Biblia na redio, akaamuru kama askari, "Mutale, beba bilauri! Bashi Mutale, beba sufuria ya kuku, haiwezi kubakia!" Na mtu yule mkubwa, ambaye sijawahi kumwona akibeba hata kasia lake mwenyewe, akainua sufuria juu ya kichwa na kukimbia. Siyo ya kuku. Ile nyingine. Nikataka kusema, mdomo ukafunguka kama kanisani, hakikutoka kitu. Nikamfuata nikinyoosha mikono, "Batata, nisaidie, mimi nibebe..." Akanijibu bila kugeuka, "Beba tantine yako!" Halafu, kwenye mlima, povu likaanza kumtiririka shingoni. "Hii supu inanimwangikia!" alilalamika. "Na mbona iko baridi?"

Juu kanisani watu walijaa. Wengi walikuja na magodoro, mmoja alikuja na mlango wa nyumba yake, bibi mmoja alikuja na mto wa kulalia tu, na jogoo wa jirani alikuwa amefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Pasta Ngoy, ambaye simu yake ndiyo inayopokea habari za mashine, akazima king'ora, akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, visanduku vyote vitatu havijibu. Mayi imevibeba. Na kijana Ilunga, mulinzi wao, hakuna mutu amemuona. Tuombe. Bwana, pokea huyu mutoto, alikuwa munyenyekevu, hakusumbua mutu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningemgusa bega. Lakini watu walikuwa wamefumba macho, bibi mwenye mto alikuwa ameanza kulia kweli, na nikaona haya kuwakatiza, nikainamisha kichwa na kujiombea pamoja nao. Mpaka Mutale akasema kwa sauti, "Mais Pasta, lakini si ule hapa?"

Watu wakafumbua macho wakanitazama wote. Bashi Mutale akafurahi sana, nasema ukweli, akanipiga mgongoni. "Mungu ameacha mutoto, na ameacha kuku! Watoto bakule mbele!" Akainama akafunua sufuria.

Povu likapanda. Katikati ya povu antena tatu, na taa tatu nyekundu zinawaka. Visanduku vikapata hewa, vikaiona mashine iko juu ya vichwa vyetu, vikasema kwa nguvu kuliko siku zote, king'ora kikapasuka juu ya paa mpaka mbuzi wakalala chini, na simu ya Pasta ikatetemeka. Akasoma kwenye kipaza sauti, yeye mwenyewe hajui anachosoma: "Ya mitumbwi, mayi. Ya kijito, mayi. Ya soko, mayi." Akazima king'ora, akaisoma tena. "Inasema mayi iko hapa. Hapa hapa."

Watu wakatazama miguu yao mikavu. Halafu wakatazama sufuria. Halafu mimi.

Simu ikalia tena, na safari hii alikuwa Madame Bwalya, Pasta akaiweka kwenye kipaza sauti ili wote wasikie. "Ilunga yuko hai? Ilunga, visanduku viko wapi?"

Nikajua nisiposema hapo, posa imekufa. "Kwenye sufuria, Madame. Nilikuwa naviosha."

"Na sabuni?" akauliza bibi mwenye mto.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukunipigia?" Madame Bwalya akasema.

"Nilikupigia."

"Ni wewe uliyekata? Kwa nini?"

"Niliona haya," nikasema, na kipaza sauti kikapeleka neno hilo mpaka kwenye ziwa.

Tantine akapiga makofi. "Angalieni huyu! Anaogopa kuita mutu moja ku simu, njo ameita batu bote ku mulima!" Kicheko kilichofuata sitakieleza. Bashi Mutale peke yake hakucheka, alikuwa anafuta povu shingoni, ananitazama kama mtu anayepima samaki kwa mkono. "Kanshi anasemaka," alisema mwishowe. "Bon. Magodoro yote yashuke na weye."

Nikashusha magodoro mpaka jua likaelekea kuzama, na ule mlango, na bibi na mto wake. Mutale alishika upande wa pili wa magodoro bila kuombwa. Hatukusema kitu, mpaka lile la mwisho, aliponiuliza, "Ulitumia sabuni gani? Kola ya tata, ya baba, imekuwa nyeupe." Nyumbani tulikuta mbwa wamemaliza kuku.

Sahani ya posa, ile yenye pesa za kuomba binti, ilipokelewa kwao Mutale baada ya mvua. Kazi sikufukuzwa, ila watu wananiita Sabuni, na nimeapa sitaosha tena kitu chenye antena. Siku hizi ndege akitua tu juu ya kisanduku nampigia Madame Bwalya, mpaka yeye ndiye anayekata.

Naye bashi Mutale, akialikwa kula kwetu, hamwachii mtu kifuniko. Anakiinua mwenyewe, anachungulia, anakoroga kidogo kwa kijiko, ndipo anafumba macho na kuombea chakula.