Nimenyang'anywa karata kijiweni

Leo nimenyang'anywa karata kijiweni kwetu Rahaleo, na sijamwibia mtu.

Siku zote nawafanyia kiini macho kimoja tu. Unachagua karata, unairudisha, naitoa. Wanacheka, tunaendelea kucheza.

Leo nikajifanya fundi. Miezi mitatu nimejifua mbele ya kioo, jamani. Nikazirusha karata mkono hadi mkono, nikazikata kwa mkono mmoja.

Bakari, mwenzangu wa karata tangu tuanze kazi bandarini, akazichukua taratibu.

"Kumbe mikono yako ndiyo hii. Na miaka yote tunakuachia ugawe."

Akawagawia wote, mimi akaniruka.

Kinachoniuma, tulikuwa tunashinda pamoja. Sasa hata yeye anajiuliza tulishindaje.

Nyie mngeniachia nigawe tena? Msinijibu kwa huruma.