Mshono wa Tairi la Nne

Zamani mtu wa kijiji cha Kerova aliyetaka matairi makubwa aliyachonga mwenyewe kwa kisu, na leo anayaagiza kwa simu, yanaletwa yamefungwa nailoni, kisha anazama nayo kwenye kinamasi kilekile na kutumia simu hiyohiyo kuomba kuvutwa.

Ustin Prokopyevich hakuwa na simu ya namna hiyo. Alikuwa na madarasa saba ya shule, miaka thelathini na miwili ya gereji ya shamba la ushirika, na kitabu kimoja cha ufundi kisicho na jalada, alichokisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Shamba lilipovunjwa, wakubwa waligawana matrekta, wafanyakazi wakagawana hasira. Ustin aliondoka na winchi ya mkono, jiwe la kunolea na kile kitabu. Watu wakamcheka. Matrekta yale yote yamekwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Winchi bado inavuta.

Dada yake mkubwa, Lukerya, aliishi peke yake Lyavola, kilomita kumi na nne ng'ambo ya kinamasi, katika nyumba waliyozaliwa wote wawili. Zamani palikuwa na njia ya magogo juu ya kinamasi, na kila kiangazi wanaume wa vijiji vyote viwili walitoka na mashoka kubadilisha magogo yaliyooza. Hakuna aliyewalipa. Sasa magogo yameoza yote, na wanaume wa kuyabadilisha wamekwisha. Majira ya baridi kinamasi huganda na mtu akapita. Theluji ikiyeyuka, Lukerya alikuwa kama yuko kisiwani mpaka baridi irudi.

Agosti ile alikuja afisa wa wazee kutoka wilayani, Inessa Lvovna, na faili kwapani.

"Mzee Ustin, mimi si mtu mbaya," alisema, amesimama uani. "Lakini bibi ana miaka sabini na tisa. Akianguka leo, nani atajua? Tarehe ishirini Septemba helikopta itamfuata, apelekwe nyumba ya wazee."

"Huko hamalizi mwaka."

"Basi nioneshe gari linaloweza kumfikia na kurudi, nami niwe ndani yake. Nikifika kwa gari, nafuta jina lake kwenye orodha. Maneno matupu sitaki."

Ustin akatazama Niva yake, gari dogo la kijani lililokaa uani na matairi yake membamba. "Njoo tarehe kumi na tisa," akasema. "Na usivae viatu hivyo."

Matairi mapana ya kinamasi yalikuwapo mjini, kwa bei ya pensheni yake ya miezi minane. Ustin akaenda kwenye uwanja wa zamani wa jeshi, kwa mlinzi, na mfuko wa samaki wakavu. Akarudi na matairi manne ya lori, yamechakaa, kila moja kilo sabini. Ukiyafunga hivyohivyo kwenye gari dogo, ekseli itakatika kabla hujatoka getini. Ndiyo maana watu wa kule huyamenya. Unakata ukingo wa mpira wa nje kwa kisu, unaunasa kwa koleo lililofungwa kwenye winchi, na winchi inapovuta, kisu kinapita kati ya mpira na nyuzi za ndani, huku maji ya sabuni yakimiminwa bila kukoma. Mpira unatoka ukanda mmoja mrefu. Kinachobaki ni tairi jepesi na laini, unalitia upepo kidogo tu, nalo linakanyaga tope kama unyayo wa ngamia unavyokanyaga mchanga.

Kisu alikitengeneza kwa kipande cha fyekeo la baba yake. Kingo za bodi juu ya magurudumu alizikata kwa grainda ili matairi yapate nafasi. Kuinua bodi juu ya fremu alihitaji vipande vigumu vya mpira, na hivyo alivipata katika shule iliyofungwa: bado kulikuwa na ndoo nzima ya vile vidonge vyeusi vya mpira ambavyo watoto walivipiga kwa magongo juu ya barafu, wakati kijiji kilipokuwa na watoto wa kutosha timu mbili.

Matairi matatu yalimenyeka vizuri. Kila moja likabaki kilo thelathini na nne. La nne lilimkuta Pimen, jirani, amekaa juu ya gogo akitafuna mbegu za alizeti.

"Hilo bado nene, Ustin. Nene kama shingo ya mkwe wangu."

"Limekwisha."

"Haya. Wewe ndiye fundi. Mimi nilidhani fundi angelipata kilo thelathini."

Tairi lilikuwa limekwisha kweli, na Ustin alijua. Lakini alikuwa mtu wa kujivunia mkono wake, na Pimen alijua pa kumbonyeza. Akatia kisu tena. Winchi ikavuta, kisu kikazama, na nyuzi zikakatika kwa sauti kama kitambaa kinachochanwa. Alipolizungusha tairi, mwanga wa jua ulipita kwenye mpasuko wenye urefu wa shubiri.

Pimen aliacha kutafuna. "Mungu wangu. Nilikuwa natania tu, ndugu."

"Nenda nyumbani, Pimen."

Tarehe ilikuwa kumi na sita. Tairi la tano halikuwapo, na mlinzi wa uwanja wa jeshi alikuwa amekwenda likizo.

Kapitolina, mkewe, alitoka jikoni akifuta mikono. Alitazama mpasuko, akamtazama mumewe.

"Nani alikuambia uongeze?"

"Hakuna."

"Pimen?"

Ustin akageukia winchi, akaanza kuifuta.

"Miaka arobaini na tatu naishi na wewe, na mtu akitaka uruke kisimani, anakwambia tu hutaweza." Akainama, akapapasa kingo za mpasuko kwa kidole gumba. "Nyuzi zimekatika safi. Niletee msharasi wangu na uzi wa nyavu. Na lami ya msonobari, usisimame hapo kama nguzo."

Kapitolina alikuwa ameshona buti miaka ishirini katika karakana ya wilaya, mpaka karakana ikageuzwa duka la vyombo vya plastiki. Alitoboa kwa msharasi, akashona kwa sindano mbili, moja ikitoka nje na nyingine ikiingia ndani katika tundu lilelile, kila mshono ukivutwa kwa nguvu za bega. Ilimchukua siku mbili. Vidole vyake vilitoka damu, akavifunga kitambaa akaendelea. Ndani, Ustin alibandika kiraka cha mpira, akakikandamiza chini ya pistoni kuukuu iliyotiwa petroli ikawashwa, mpaka kiraka na tairi vikawa kitu kimoja.

"Likivuja, mimi simo," Kapitolina akasema.

"Halitavuja."

"Najua halitavuja. Nimeshona mimi."

Tarehe kumi na tisa Inessa Lvovna alifika na buti za mpira. Kilomita sita za mwanzo zilipita salama. Katikati, penye maji yasiyo na sakafu, gari liliyumba, likaelea kidogo, matairi yakapapasa mizizi na kuishika. Inessa alishika dashibodi kwa mikono yote miwili.

"Mzee, tairi lile la nyuma lina nini? Naona kama limeshonwa."

"Limeshonwa."

"Limeshonwa?"

"Na mke wangu."

Inessa akainua buti zake juu ya kiti.

Lukerya aliwasubiri mlangoni na fimbo ya kukomea mlango mkononi, kwa kuwa aliposikia mngurumo alidhani ni watu wa helikopta. Alipomtambua ndugu yake aliishusha.

"Umechelewa, Ustin. Mkate wa samaki umepoa." Akamgeukia mgeni. "Na huyu bibie amekuja kunifunga kamba?"

"Nimekuja kula mkate wa samaki," alisema Inessa Lvovna, akakaa, akafungua faili juu ya goti, na kwa kalamu akafuta jina.

Lukerya aliishi miaka miwili na nusu zaidi. Kila wiki mbili Ustin alivuka kinamasi na unga, dawa na magazeti. Alifariki mwezi wa Machi, kitandani mwake, akazikwa kando ya mama yao, kama alivyotaka.

Baada ya hapo Niva ilikaa uani mwaka mzima. Kisha akaja Taisia, muuguzi mpya, aliyepewa vijiji vitatu ng'ambo ya kinamasi na hana usafiri. Hakuomba, aliuliza tu kama matairi mengine ya namna ile yanaweza kutengenezwa. Ustin alimpa funguo, akamwonesha upepo wa kutia, akamwambia asimsikilize Pimen.

Mara ya mwisho Ustin kuyaona matairi yale ilikuwa asubuhi ya Juni. Alisimama na Kapitolina mwisho wa kijiji, pale njia ya magogo ilipoanzia. Gari liliingia kinamasi taratibu, na kwenye gurudumu la nyuma ule mshono mweusi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Unaonekana," alisema Kapitolina.

"Unaonekana," alisema Ustin.

Walikaa wakiuhesabu ukizunguka mpaka misonobari ilipouficha, na haukuwa umeachia hata uzi mmoja.